Dada kaniuliza Mungu alikuwa wapi mwanae anakufa, na mimi ndo naongoza kikundi cha Biblia. Nimjibu nini?

mtu_wa_pembeni

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuandika nikafuta, nikaandika tena nikafuta, leo naurusha hivyo hivyo ulivyo.

Dada yangu mkubwa kafiwa na mwanae wa kiume, saratani ya damu, alikuwa na miaka sita. Kaumwa muda mrefu na mwisho wake haukuwa mwepesi, sitaandika sana hapo. Kilichonileta ni yale yaliyofuata baada ya mazishi. Kwenye familia mimi ndo naonekana mtu wa dini, naongoza kikundi cha Biblia, mtu akikwama kwenye maandiko ananitafuta. Sasa kila anayekuja kumpa pole dada anakuja na lake. Mapenzi ya Mungu. Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Kuna mama mmoja alimshika mkono akamwambia Mungu alikuwa anahitaji malaika mwingine, dada akautoa mkono wake taratibu akasema "si anao kibao? mimi nilikuwa naye huyo mmoja." Chumba kizima kimya, na mimi nimo humo.

Juzi akanigeukia mimi. Nambie wewe unayesoma, mnasema anatupenda na anaweza yote, kwa nini kaacha? Na sio kifo tu, kifo najua kila mtu atakufa, yale mateso ya kabla, mtoto analia usiku kucha anaomba yaishe, yale yalikuwa yanamsaidia nani? Nikamwambia nipe muda. Basi ndo anasubiri hivyo, kila tukionana ananiuliza umepata?

Majibu ya vitabuni nayajua, hiari ya mwanadamu, dhambi ya Adamu na kuendelea, ila nikijaribu kuyasema kwa sauti nikiwa peke yangu naona kabisa hayafiki. Nisaidieni, wenye imani na wasio na imani, matusi tu ndo sitaki.

siti ya mbele

Pole sana mkuu, mpe pole na dada. Mimi nakaa hapa nasubiri wajuzi maana hili swali limenishinda tangu utotoni.

Kibarua wa Neno

Poleni sana familia. Ndugu yangu jibu unalo ila umelidharau. Mungu alimpa mtu hiari, maana upendo wa kulazimishwa haupo, na akimpa mtu hiari ya kweli ina maana anaweza kuitumia vibaya. Angekuwa anakudaka mkono kila ukitaka kufanya baya usingekuwa mtu, ungekuwa mashine. Mtakatifu Augustino aliliona hili zamani sana, akasema ubaya sio kitu ambacho Mungu alikaa akakiumba, ni upungufu wa wema pale ulipotakiwa kuwepo. Dunia hii imeharibika kwa kuanguka kwetu. Dada asimlaumu Mungu, adui ndo anayeiba na kuua.

Fikra Huru

Mleta mada pole, mimi siamini lakini umeomba hata sisi tuchangie.

Kibarua, vita sawa, wizi sawa, ubakaji sawa, hapo hiari inaingia. Saratani ya damu hiari ya nani? Chembe hai ndani ya uboho zimeanza kujizalisha hovyo, mtoto hakuchagua, mama hakuchagua. Ndo maana wanafalsafa wanatenganisha, kuna ubaya wa binadamu na kuna ubaya wa asili, na utetezi wako unagusa ule wa kwanza tu. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko liliipiga Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani asubuhi wanasali, makanisa yakawaangukia, mishumaa ikawasha moto, waliokimbilia kando ya maji bahari ikawafuata. Ulaya nzima ilitikisika kwa maswali, na Voltaire, mwandishi wa Kifaransa, aliwashambulia kwa kalamu wale waliokuwa wanasema hii ndo dunia bora kuliko zote zinazowezekana.

Halafu kuna ile hoja kongwe wanayomhusisha nayo Epicurus, Mgiriki aliyeishi karne tatu hivi kabla ya Kristo. Anataka kuzuia ubaya ila hawezi? Basi hana uwezo. Anaweza ila hataki? Basi hana upendo. Anaweza na anataka? Sasa ubaya unatoka wapi?

Na kingine. Ile saratani ya damu inayowapata watoto wengi zaidi, nchi tajiri leo karibu asilimia 90 ya watoto wanavuka. Ukizaliwa sehemu isiyo na dawa wala wataalamu uwezekano unashuka vibaya sana. Kwa hiyo rehema za Mungu zinaangalia umezaliwa wapi?

Kibarua wa Neno

Hapo mwisho umejifunga mwenyewe mkuu. Dawa zipo, ujuzi upo, mtoto wa huku anapona na wa kule anakufa, nani kaweka hilo pengo? Sisi. Hela za mabomu hazijawahi kukosekana. Huo ni ubaya wa binadamu umevaa nguo za ubaya wa asili. Ndui imeua watu kwa maelfu ya miaka, dunia ilipoamua kushirikiana kweli kweli ikaisha, 1980 ikatangazwa imetokomezwa. Mungu katupa akili na mikono, tunakaa nayo tunauliza yeye yuko wapi.

Fikra Huru

Hoja nzuri na nakubali nusu yake. Ila mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 karibu kila mtoto aliyepata huo ugonjwa alikufa, popote pale, tajiri kwa maskini. Wote waliotangulia kabla dawa haijagunduliwa ulikuwa uzembe wa nani? Na hao wa ndui wa maelfu ya miaka? Baba anayejua dawa iko wapi anakaa kimya anangoja watoto wenyewe waje waigundue, huyo tungemwitaje?

Pumzi Mbili

Mimi niseme kidogo kuhusu maumivu. Kuna watu wachache sana wanazaliwa hawasikii maumivu kabisa, ni hali ya kurithi. Ukisikia unaweza ukawaonea wivu, lakini watoto wa hivyo wanatafuna ndimi zao, wanavunjika mfupa wanaendelea kucheza, wanaungua hawashtuki, na wengi hawafiki mbali. Maumivu ni king'ora. Mungu kuweka king'ora ndani ya nyumba sio ukatili.

nesi wa usiku

Pumzi Mbili nimekuelewa na hiyo hali ipo kweli, lakini king'ora kazi yake ni kukuamsha, ukishaamka na moto umeshauona na huna cha kuuzimia kinaendelea kulia cha nini? Nimeshika zamu za usiku wodi ya watoto miaka mingi, maumivu ya mwisho mwisho hayamuonyi mtu yeyote, kila mtu ameshajua. Naomba hilo jibu lisifike kwa dada wa mleta mada hata kwa bahati mbaya.

Sasa mleta mada nisikilize maana hii nimeiona sana. Usiku wa saa nane saa tisa mama amekaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, mtoto ndo kwanza kasinzia, mama anakuvuta nguo anakuuliza nesi kwa nini Mungu ananifanyia hivi. Mwanzoni nilikuwa najibu, na mimi ni muumini, nilikuwa na mistari yangu. Ila ukikaa naye bila haraka swali linabadilika lenyewe, anaanza kusema nilipokuwa na mimba nilifanya hivi, nilimgombeza sana, nilichelewa kumleta, kuna mtu nilimkosea hajanisamehe, yaani anatafuta alipokosea. Anauliza Mungu kwa nini, huku moyoni anauliza ni mimi? Na akiambiwa mapenzi ya Mungu yeye anasikia hukumu imetoka. Kwa hiyo kabla hujaenda na falsafa yoyote jua dada yako anauliza lipi kati ya hayo mawili. La kwanza mimi sina jibu na sijakutana na mwenye nalo. La pili lina jibu na Biblia yenyewe imelisema waziwazi, Yohana 9 wanafunzi wanauliza nani katenda dhambi, huyu au wazazi wake, hata akazaliwa kipofu, Yesu anawaambia sio yeye wala wazazi wake. Luka 13 mnara wa Siloamu umeua watu kumi na nane, anauliza mnadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine? Hapana.

siti ya mbele

Nesi umeniliza.

Abu Swabir

Assalam alaykum, poleni kwa msiba. Upande wetu Waislamu suala la mtihani liko wazi, Sura Al-Baqara aya ya 155 Mwenyezi Mungu anasema atatujaribu kwa hofu na njaa na kupungukiwa mali na watu na matunda, na akasema wabashirie wanaosubiri. Ila watu wanachanganya subira na kutolia. Mtume s.a.w. alifiwa na mwanae mdogo Ibrahim, akambeba mikononi anakata roho, na machozi yakamtoka. Swahaba mmoja akashangaa, hata wewe Mtume wa Mungu? Akajibu hiyo ni rehema, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika na hatusemi ila yanayomridhisha Mola wetu. Mtume wa Mungu analia mbele za watu, sasa wewe nani umwambie mama aliyefiwa anyamaze awe na imani?

Hekima ya Allah siwezi kuifikia yote. Nabii Musa mwenyewe kwenye Sura Al-Kahf kaandamana na mja aliyepewa elimu, kaona jahazi linatobolewa, kijana anauliwa, kashindwa kuvumilia kila mara kauliza. Na ni nabii.

Jicho Kavu

Mleta mada, unaongoza kikundi cha Biblia, basi twende kwenye Biblia maana watu wanainukuu bila kuisoma.

Ayubu. Marafiki zake walipofika walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno, na hilo ndo jambo la maana pekee walilofanya. Walipofungua midomo sasa! Sura kwa sura wanamtetea Mungu, lazima ulikosea mahali, Mungu hawezi kukosea, tubu. Ukiwasikiliza wanasema yale yale wanayoambiwa dada yako. Na Ayubu kwa upande wake kailaani siku aliyozaliwa, kamwita Mungu mahakamani, kasema maneno ambayo leo akiyasema kanisani atatolewa nje. Sura ya 42 mstari wa 7 Mungu anamkasirikia nani? Marafiki. Anawaambia hamkunena yaliyo sawa kama mtumishi wangu Ayubu. Watetezi wake ndo wakaambiwa watoe sadaka na waombewe na yule mlalamikaji.

Na angalia kingine, Mungu akijibu kuanzia sura ya 38 hamwambii Ayubu sababu. Sisi wasomaji tunajua yale ya sura ya kwanza, shetani na lile shauri la mbinguni, Ayubu hajaambiwa mpaka kitabu kinaisha. Kapewa watoto wengine, na mimi hapo huwa nabaki na swali langu maana mtoto habadilishwi na mtoto.

Kuhusu "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba", wanaitoa 1 Wakorintho 10:13 na pale Paulo anaongelea vishawishi, mstari unaofuata tu anawaambia waikimbie ibada ya sanamu. Hakuna msiba pale. Mtu huyo huyo kwenye 2 Wakorintho 1:8 anasema walilemewa kupita nguvu zao mpaka wakakata tamaa ya kuishi. Kwa hiyo mzigo usiobebeka upo, Paulo kaukiri.

Mchana Kweupe

Nakazia kwa Jicho Kavu. C. S. Lewis, mtetezi mkubwa wa ukristo, 1940 alitoa kitabu kizima kueleza kwa nini kuna maumivu, hoja zimepangika vizuri tu. 1960 mkewe akafa kwa saratani. 1961 akatoa kingine, hakuweka hata jina lake halisi, na humo anasema ukienda kwa Mungu ukiwa huna msaada mwingine unakuta mlango umefungwa usoni mwako na ndani unasikia komeo. Imani hakuiacha. Ila zile hoja za 1940, ambazo kaziandika mwenyewe kwa mkono wake, hazikumfaa usiku ule.

mtu_wa_pembeni

Nimewasoma wote, asanteni sana. Nesi, ulichoandika kimenipiga kwenye kifua. Kuna siku dada alinitupia swali katikati ya mazungumzo mengine kabisa, eti unafikiri ningempeleka mapema zile homa zilipoanza? Nikadhani anaongea tu, tukapita.

Ila bado. Nikimwambia sijui si ataona namkwepa? Kasubiri muda wote huu.

nesi wa usiku

Ndo hilo sasa. Rudi kwenye hilo swali la homa. Mwambie wazi, huo ugonjwa unaanza kama homa za kawaida za watoto, uchovu, michubuko isiyoeleweka, hata watu wa hospitali wanaupita mwanzoni. Kwa watoto wengi hakuna anayejua umesababishwa na nini, na hakuna kitu alichofanya au kuacha kufanya kikauleta. Akitaka kuongea na daktari aliyemtibu mtoto ayasikie kwa mdomo wake, mpeleke. Likitoka hilo ndo umwambie na lile jingine silijui, nimetafuta, nimeuliza watu, silijui. Akikasirika akasirike, usiondoke.

Fikra Huru

Mimi nisiyeamini nakubaliana na nesi kila neno. Na kama lazima umsomee kitu msomee Zaburi ya 88, yule anaanza kwa kulia anamaliza gizani, hakuna mstari wa kumtia moyo mwishoni. Nilipokutana nayo nilishangaa waliiacha ibaki humo.

mtu_wa_pembeni

Naenda kwake jioni hii.

Kibarua wa Neno

Tutakuombea mkuu, na mimi nimejifunza kitu hapa. Fikra Huru, swali lako la baba anayejua dawa iko wapi sijalikimbia, nina jibu refu.

Fikra Huru

Fungua uzi mwingine nitakuja, huu tumwachie mwenyewe.