Nimenyang'anywa sahani ya samaki wa kupaka TONGE LIKO MKONONI. Ngamiani, Tanga. Mnamjua!

Mlafi Mstaafu

Wakuu, naandika mikono inatetemeka na si njaa, ingawa njaa nayo ipo. Niko stendi ya Kange, basi halijajaa, shati langu linanuka tui la nazi ambalo sikulila. Mods naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la mapishi. Huu ni uzi wa jinai.

Yule mama wa Ngamiani. Simtaji, na sina haja ya kumtaja. Kama umewahi kushuka Tanga ukamwambia bodaboda "nipeleke kwenye samaki wa kupaka", hakukuuliza swali la pili, alikupeleka kwake. Barabara ile ya namba, kona ile, jiko la mkaa nje, benchi lenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha tofali. Mmeshamjua. Endeleeni kusoma.

Mimi nilikuja kula tu. Sikuja harusini, sikuja msibani, sikuja mapango ya Amboni kuangalia popo. Nimetoka Dar kwa amri ya tumbo. Njiani Michungwani nikashusha machungwa, nikayamaliza kabla ya Segera. Pangani nimekula pweza wa nazi na mhogo, nikasahau kama nina mke. Leo asubuhi kahawa chungu na kashata, nikashushia bajia na viazi vya rojo, nikaishia hapo kwa makusudi, nafasi nyingine yote namtunzia yeye. Nimemheshimu yule mama kwa utumbo wangu wote.

Nikaagiza. Nikangoja. Nimengoja mpaka mtoto aliyekuwa anatambaa pale barazani akasimama, akatembea, nadhani Jumatatu anaanza darasa la kwanza. Sikulalamika, kwa sababu samaki wangu nilikuwa namwona. Changu mzima, kapasuliwa mgongoni, kabanikwa kwanza bila kitu, halafu ndiyo likaja lile tui zito lililopikwa na tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na ndimu. Anapakwa, anageuzwa, anapakwa tena, tui linadondokea makaa, moshi unakuja usoni kwangu na mimi siukwepi.

Sahani ikaja. Wali wa nazi, changu juu, kachumbari, nusu ndimu. Nikanawa. Nikasema bismillahi. Nikamega mgongoni pale penye tui, nikafinyanga na wali, tonge limekaa sawa vidoleni, limeondoka sahanini, liko njiani, liko HAPA, usawa wa kidevu.

Sahani ikanyanyuliwa.

Narudia kwa waliochelewa kuingia. SAHANI IKANYANYULIWA. Mimi nimeshika tonge.

Nageuka, yule mama kaishika juu, nyuma yake anaingia mzee wa kanzu, kaegesha baiskeli, gurudumu bado linazunguka. Na mama ananiambia kwa lugha ile ya Tanga, taratibu, utadhani ananiposa: "Samahani mwanangu, hii ni ya bwana, yeye wa kila siku. Wewe waja leo, waondoka leo."

Benchi zima likacheka. Muuza kahawa akagonga vikombe vyake kwa furaha. Mzee kapokea sahani, akaona pale nilipomega, akaigeuza ile sahani upande wa pili, akaanza kula. Hakuniangalia! Na mimi tonge liko hewani, wakuu. Hewani!

Nikauliza, na mimi je? "Wako anabanikwa, mwanangu." Nikachungulia jiko. Hakuna samaki. Makaa matupu.

Tanga mmeharibiwa na sifa. Mwaka 1914 Waingereza walishusha jeshi kutoka India kuja kuuteka mji huu, na pamoja na risasi za Mjerumani wakakutana na nyuki. Mpaka leo watu wanaviita vita vya nyuki. Mji ambao hata wadudu wake hawataki wageni, mimi nilitegemea nini? Lakini hata wale Waingereza hawakunyang'anywa sahani tonge likiwa hewani.

Nimemaliza. Sijamaliza, ila dereva anapiga honi.

Kibua Mkavu

Pole sana mkuu. Swali moja tu, na ndilo la msingi: lile tonge ulilila?

Binti Raskazone

Nimekaa siti ya mbele, nina kashata zangu. Ngoja wenye mji waje.

Sultani wa Ukwaju

"Utadhani ananiposa" 😂😂 Mkuu, angekuposa ungekubali.

Mwana Chumbageni

Wenye mji tumefika. Kwanza heshima, huyo mama ni mama yetu sote hapa. Pili, yule mzee wa kanzu analipia mwezi mzima mbele, mwisho wa mwezi wala hahesabiwi. Yule changu alikuwa wake tangu yuko kwenye ngalawa. Watu wa Dar mnakaa benchini mnadhani kila kinachoiva ni chenu.

Mlafi Mstaafu

Mwana Chumbageni, NILIAGIZA. Kwa mdomo huu huu. Na kama alikuwa wa mzee, kwa nini nililetewa mimi? Kwa nini niliwekewa ndimu? Huwezi kumwekea mtu ndimu halafu ukamnyanyulia sahani tonge likiwa njiani.

Kibua Mkavu

Hujajibu. Ulilila au hukulila?

Fundi Cherehani

Hii chai haina hata tangawizi. Mtu ananyanyua sahani kutoka mkononi mwa mwanaume mzima, na mwanaume anauliza "na mimi je?". Mimi ningeishika ile sahani tukavutana mpaka Muheza.

Binti Raskazone

Fundi, wewe ungevutana na yule mama? Unamjua mkono wake? Anakuna nazi zake mwenyewe kwenye mbuzi tangu alfajiri, ile misuli ukiiona unapisha njia.

Sultani wa Ukwaju

Na ulilipa shilingi ngapi?

Mlafi Mstaafu

Nililipa kabla! Elfu 15! Nikaomba nirudishiwe, akanirudishia elfu 14. Elfu 1 ya nini? "Ya ulichomega, mwanangu."

Kibua Mkavu

KWA HIYO ULILILA.

Mwana Chumbageni

Hahaha jamani huyu mama nampenda.

Mtu wa Pwani Kuu

Elfu 15 kwa changu? Hapo nilidhani umepewa silikanti, yule samaki wa kale mpaka akatengewa hifadhi ya bahari hapo hapo Tanga mwaka 2009. Halafu jueni wakati huu ni kusi. Bahari imechafuka, vyombo vidogo havitoki kila siku, changu wa saizi ya sahani anauzwa kabla hajagusa mchanga. Ungekuja kaskazi ungeona bei nyingine. Mkija msimu mbaya msimlaumu mpishi.

Mla kwa Zamu

Bora wewe ulimwona samaki wako. Mimi Bagamoyo, pale soko la samaki, nimesimama mnadani nikashindana na akina mama wa ndoo, nikapata kolekole wa maana. Nikampelekea yule jamaa wa kukaanga, mnamjua, yule mwenye karai kubwa kuliko wote. Akaniambia kaa kivulini kaka. Nikakaa. Kikarudi kibua. Nikamwambia mimi nilileta kolekole. Akaniambia, "Kwenye mafuta hupungua."

Binti Raskazone

Kwenye mafuta HUPUNGUA 😂😂😂 nimelala chini

Fundi Cherehani

Huyo wa karai namjua! Yale mafuta yake yalibebwa kichwani na misafara kutoka Ujiji. Mjerumani alikuwa na makao makuu yake Bagamoyo, mwaka 1891 akahamia Dar, wanahistoria wanasema eti ni bandari. Si bandari. Alikaangiwa kolekole.

Mla kwa Zamu

Na ukibisha anakuonyesha kichwa. Kichwa cha kibua! Anakishika kwa koleo anasema "huyu si ndiye wako?"

Mlafi Mstaafu

Wakuu tusitoke nje ya mada. Wewe ulikula kibua. Mimi nilinyang'anywa sahani. Kuna tofauti kati ya mtu aliyekula kibua na mtu aliyebaki na tonge hewani mbele za watu.

Kibua Mkavu

Tonge la elfu 1, mkuu. Hilo si tonge, ni hisa.

Mtu wa Pwani Kuu

Mkitaka kulalamika kuhusu samaki wa Tanga lalamikeni kitu cha maana. Miaka mingi hapa watu walivua kwa baruti. Samaki wa bomu ukimpasua unamjua, nyama imelegea, mifupa imeachana na nyama, tumboni kumevurugika, na tumbawe alilokuwa anakaa limegeuka kifusi. Bibi zetu walikuwa wanakwenda mwambani maji yakitoka, wakati wa bamvua, wanarudi na pweza wa kulisha nyumba. Mwamba ukishavunjwa, pweza atakaa wapi? Changu wa ndoano mkubwa kiasi kile ni wa kushukuru hata ukimega mara moja.

Sultani wa Ukwaju

Mzee umetupeleka mbali lakini umesema kweli. Na pweza wa siku hizi watu hawampigi vya kutosha. Wanamtupa kwenye sufuria na maganda ya papai wanadhani wamemaliza. Nimekula supu ya pweza juzi taya linauma mpaka leo.

Mjukuu wa Mvita

Nimepita tu kutoka Mombasa kuwakumbusha kwamba samaki wa kupaka ni wetu. Nyinyi Tanga mliangalia dirishani mkaandika.

Mwana Chumbageni

Haya, ameamka. Ndugu yangu, kutoka hapa mpaka Horohoro ni mwendo mfupi, njoo ule kisha urudi useme hayo kwa mdomo uliopakwa.

Mjukuu wa Mvita

Nimekuja. Nikala. Tui lenu jepesi. Mnachuja mara tatu halafu mnapaka lile la tatu.

Binti Raskazone

TUI LETU JEPESI??? Mods mpo?

Mwana Chumbageni

Wewe nazi unaijua au unaijua ya pakiti? Tui la kwanza huchujwa bila maji mengi, hilo ndilo la kupaka. La pili na la tatu ni la kuchemshia wali na maharage. Mtoto wa miaka saba wa Chumbageni anajua hilo.

Ndugu Unguja

Mkimaliza nyote wawili mje Forodhani.

Fundi Cherehani

Forodhani nilikula mshikaki wa pweza ukanirudisha utotoni, maana niling'oka jino.

Mlafi Mstaafu

Jamani uzi wangu. Niko Segera sasa hivi, basi limesimama, wanauza mahindi ya kuchemsha, nimekataa kula kwa hasira. Natafakari yule mzee alivyoigeuza ile sahani. Alinijua. Aliona alama ya vidole vyangu kwenye mgongo wa changu na akaigeuza tu.

Sultani wa Ukwaju

Kula mahindi mkuu. Ila yakamate kwa mikono miwili.

Mama Mofa

Shikamooni wakubwa, wengine salama? Mimi nina kero yangu ndogo. Kwa nini Dar sipati mkate wa mofa wa kweli? Wanauza chapati nene wanaiita mofa. Mofa ni ya mtama, inabandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo, inatoka na moshi wake, unachovya kwenye mchuzi wa papa. Nimekuwa nikiulizia sokoni Kariakoo naambiwa "mama, chukua mkate wa kawaida".

Binti Raskazone

Marahaba! Mama umenigusa. Na mikate ya ufuta nayo wameiharibu, wanaweka ufuta upande mmoja, na huo upande wenyewe wanauonea huruma.

Ndugu Unguja

Ufuta pande zote mbili. Hakuna mjadala.

Mjukuu wa Mvita

Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Unguja. Andikeni tarehe.

Mla kwa Zamu

Yule wa karai anauza mikate pia siku hizi. Sitasema inakaangwa kwenye nini.

Kibua Mkavu

Mama Mofa, tanuri unaweza kujenga mwenyewe uani, udongo tu na mtungi uliotobolewa. Shida ni mtama na nazi, bei juu. Na nazi nzuri kuipata Dar mbichi isiyoanza kunuka ni kazi, nyingi zinatoka Mafia zimeshachoka njiani.

Mama Mofa

Nazi napata, mwanangu. Mbuzi ndiyo sina. Niliyonayo meno yameisha, inakwaruza vidole badala ya nazi.

Biashara Makini

Habari wadau. Nauza mbuzi za kukunia nazi, mbao ya mninga, meno ya chuma kigumu, zinakunjika. Mzigo upo Tanga na Dar. Karibuni PM.

Mama Mofa

Bei gani baba?

Biashara Makini

Karibu PM mama.

Fundi Cherehani

Mninga au mkorosho uliopakwa rangi?

Biashara Makini

Mninga halisi boss. Karibu PM.

Binti Raskazone

Mnaonaje mkiandika bei hapa hapa? Kila muuzaji PM, PM. Mbuzi ya nazi ina siri gani?

Mwana Chumbageni

Nilimfuata PM mwezi uliopita. Akaniuliza mimi nina bei gani.