Naomba ushauri: muhuri na tarakimu ndogo zinapotea kwenye faksi

Habari zenu wakuu. Nina fomu ya A4 yenye jedwali la maandishi ya pointi 8, saini ya bluu, na muhuri wa zambarau uliogongwa juu ya kivuli cha kijivu. Mpokeaji anakubali faksi tu, barua pepe hataki.

Faksi ya Group 3 (aina ya kawaida inayotumia laini ya simu) hutuma nukta nyeusi au nyeupe, kijivu hakuna. Hali ya kawaida ni nukta 204 kwa inchi kwenda upana, lakini wima ni mistari 98 tu, ndiyo maana 8 inasomeka kama 3. Hali ya Fine (ya maandishi madogo) hufika mistari 196.

Nimejaribu Fine: jedwali limekubali, muhuri umegoma. Hali ya picha imeuonyesha muhuri, ila herufi zimejaa vitone na ukurasa unachukua muda mrefu kupita. Nilipoongeza weusi, kivuli kikawa doa moja jeusi (nilitegemea hivyo, lakini mtu hujaribu). Kioo ni safi, kopi inatoka vizuri, na ECM (mfumo wa kusahihisha makosa ya utumaji) imewashwa, kwa hiyo sidhani ni kelele za laini ya simu.

Maswali mawili tu. Nikiskani kwa rangi, nikafuta kivuli kwenye kompyuta kisha nikageuza kuwa nyeusi na nyeupe, nikate kwenye kiwango gani kati ya 0 (nyeusi) na 255 (nyeupe) ili muhuri ubaki? Na nitajuaje kama mashine ya mpokeaji haina Fine, hivyo yangu inashuka kimyakimya kwenye kawaida?