Gita la satini: naweza kulisugua mpaka ling'ae bila kupaka vanishi mpya?

Nyuzi6:
Habari wakuu. Nina gita la akustika, ubao wa juu ni sprusi, mgongo na mbavu ni mahogani. Vanishi yake ni satini, ile isiyong'aa. Pale mkono wa kulia unapoegemea pameanza kung'aa penyewe, na ukilitazama kwa mwanga wa pembeni linaonekana kama lina doa la mafuta, ingawa nimeshalifuta vizuri. Nataka lote liwe na mng'aro mmoja.

Maswali yangu: inawezekana bila kupaka vanishi nyingine juu? Nianze na msasa namba ngapi? Na drili yenye sponji inafaa, au nisugue kwa mkono tu? Vanishi ni ya aina gani sijui.

FundiVanishi:
Inawezekana, ila ujue kwanza unasugua nini, maana hapo ndipo magita mengi yanapoharibika.

Vanishi ya satini ni vanishi ile ile ya kung'aa iliyochanganywa na unga laini sana wa silika. Ikikauka inasinyaa, chembe za silika zinabaki zimeinua uso kidogo, na mwanga ukigonga vile vilima vidogo unatawanyika badala ya kurudi pamoja. Mkono wako umekata vilele vya vilima hivyo, ndiyo maana pale pameng'aa. Si mafuta, kwa hiyo hakuna sabuni itakayoliondoa doa hilo. Ukitaka gita lote lifanane, unaendeleza kazi ambayo mkono umeshaianza, kwa utaratibu zaidi.

Mipaka ni miwili. Silika iliyomo ndani ya vanishi haiondoki hata uso uwe laini namna gani, hivyo unaweza kubaki na ukungu mwembamba, na kwenye mbao nyeusi unaonekana zaidi. Pili, mahogani ya magita ya satini mara nyingi haikuzibwa vinyweleo, yaani vile vitundu vidogo vya mbao. Utapata mng'aro wenye vishimo vishimo, si kioo. Wanaotegemea kioo huishia kutoboa vanishi.

Sasa swali la msasa: usianze na msasa kabisa. Vanishi za satini huwa nyembamba, mara nyingi chini ya milimita 0.1, yaani pungufu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuchapia. Msasa namba 1000 unakula sehemu kubwa ya hiyo kabla hujashtuka. Anza na kitu laini kuliko vyote, panda kama tu hakitoshi.

Toa nyuzi. Ziba tundu la sauti kwa karatasi, funika ubao wa vidole na kingo za daraja (kipande kinachoshika nyuzi juu ya ubao) kwa utepe wa karatasi usio na gundi kali, na uubandue siku hiyo hiyo. Ukikaa muda mrefu juu ya nitroselulosi, moja ya aina za vanishi za magita, unaweza kuondoka na vanishi. Futa gita kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kwa nafta (kiyeyushi cha petroli) ili kuondoa jasho na polishi za zamani. Nafta inashika moto haraka: madirisha wazi, hakuna moto karibu, na vitambaa uvitandaze vikauke nje, usivikunje.

Chagua eneo la ukubwa wa kiganja mgongoni, upande wa chini. Weka polishi laini ya kumalizia (Meguiar's M205 inafaa, haina silikoni) kiasi cha punje ya njegere kwenye kitambaa cha maikrofaiba, sugua kwa mizunguko midogo yenye shinikizo la wastani kama dakika mbili, futa, angalia chini ya taa moja iliyo upande. Kama umeridhika, usiguse kingine, endelea hivyo hivyo gita zima. Kama hakuna mabadiliko ya maana, panda kwenye kompaundi ya kukata (polishi yenye chembe kali zaidi) ya wastani, kama Novus namba 2, halafu urudi kwenye polishi laini. Kila daraja la ukali liwe na kitambaa chake. Punje moja ya kompaundi kali ndani ya kitambaa cha mwisho inakuachia mikwaruzo utakayoitafuta jioni nzima.

Fanya kazi kwa vipande vya takriban sentimita 15 kwa 15 na kila kipande kiingie kidogo kwenye jirani yake. Doa la mkono uliache mpaka mwisho, na uligusie kwa polishi laini tu. Pale vilele vimeshakatwa. Ukipasugua sawa na kwingine patabaki mbele siku zote.

MbaoNaGundi:
Nakubaliana na mkuu hapo juu, naongeza kuhusu sprusi. Ubao wa juu wa sprusi hauko bapa kama unavyodhani. Sehemu laini ya kila mstari wa ukuaji huzama kidogo, ile ngumu hubaki imeinuka, na vanishi nyembamba inafuata mabonde hayo. Ukiweka msasa kwenye kibao kigumu unakata vile vilima vigumu tu, na mistari inatokeza myeupe kwa sababu vanishi imeisha juu yake. Kwa hiyo nyuma ya kitambaa chako weka sponji laini au kiganja, kamwe si kibao. Na mizunguko ya mwisho ifuate urefu wa mbao, maana mikwaruzo inayofuata nyuzi za mbao haionekani sana.

Msasa una kazi moja tu hapa: kama kuna mikwaruzo au vumbi lililonaswa kwenye vanishi tangu kiwandani. Hapo tumia namba 2000, mkavu, juu ya sponji, mara tano sita halafu futa karatasi. Vumbi la vanishi hujikusanya kwenye karatasi na kuwa vidonge vigumu, na vidonge hivyo ndivyo vinavyochora. Msasa wa maji usiutumie kwenye mahogani yenye vinyweleo wazi. Maji yanaingia, mbao inavimba, na vanishi inainuka pembezoni mwa kila kinyweleo.

FundiVanishi:
Kweli kabisa. Nilisahau drili. Inatumika, lakini kwa mgongo na mbavu tu, na kwa sponji laini ya milimita 75 hadi 100. Mwendo uwe wa chini, mizunguko 600 hadi 1000 kwa dakika. Paka kompaundi kwenye gita kabla ya kuwasha, la sivyo itarukia ukutani. Sponji ilale bapa na isisimame mahali pamoja hata kidogo. Kila baada ya sekunde kadhaa weka kiganja: uvuguvugu sawa, moto acha. Nitroselulosi ikipata joto inalainika, sponji inaivuta kama gundi, na hapo hakuna polishi itakayokuokoa.

Kwenye kingo, sponji izunguke ikitoka kwenye ukingo kwenda nje. Ikizunguka ikiingia, inagonga pembe, na pembe ndiyo sehemu yenye vanishi nyembamba kuliko zote. Binafsi kingo zote, eneo la daraja na chini ya ubao wa vidole nafanya kwa kidole kilichofungwa kitambaa.

Ubao wa juu fanya kwa mkono. Ni mdogo, kazi inaisha, na hakuna joto la kukutia wasiwasi.

Nyuzi6:
Asanteni sana. Nimeanza na eneo la mgongoni, mng'aro unakuja vizuri kwa polishi laini. Tatizo: vinyweleo vya mahogani vimejaa mistari midogo myeupe. Kufuta kwa kitambaa haitoki. Na nikitaka kujua aina ya vanishi, napimaje bila kuharibu?

MbaoNaGundi:
Huo weupe ni unga wa polishi uliokaukia ndani. Lowesha mswaki laini kwa nafta, sugua kufuata urefu wa vinyweleo, futa mara moja kabla haijakauka, rudia. Ulioganda sana utoe kwa kijiti cha mbao kilichochongwa ncha, si pini. Kuanzia sasa tumia polishi kidogo zaidi na usiiache ikauke juu ya gita. Futa ikiwa bado na unyevu. Wapo wanaojaza vinyweleo kwa nta nyeusi ili weupe usionekane. Inafanya kazi, ila siku ukitaka kupaka vanishi juu, nta hiyo itaikataa.

Kuhusu kipimo: fungua kifundo cha mkanda (kile unachofungia mkanda wa begani) nyuma ya gita. Chini yake kuna eneo linalofichika. Gusa hapo kwa kijiti chenye pamba iliyoloweshwa asetoni, hesabu sekunde kumi. Vanishi ikilainika na kunata, yaelekea ni nitroselulosi, ingawa baadhi ya vanishi za maji nazo hulainika. Isipobadilika ni poliurethani au poliesta iliyokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno. Ikiwa inalainika hata kwa spiriti tupu, ni shelaki, na hiyo usiisugue kwa kompaundi hizi kabla ya kuuliza tena.

Kipimo hiki kina maana kwa sababu kila moja inaharibika kivyake. Kwenye poliurethani na poliesta kila koti linakaa peke yake. Ukikata koti la satini na kufikia la chini, utaona duara zenye kingo kama mistari ya ramani ya milima, na zile hazifutiki. Nitroselulosi makoti yake huyeyukiana, duara hizo hazitokei, lakini ina adui wake ambaye ni joto.

KotiJembamba:
Kwa yeyote anayetaka kioo hasa: hapo ni vanishi mpya, kusugua hakutoshi. Juu ya nitroselulosi, kwaruza kwa namba 800, ziba vinyweleo kwa kizibio, kisha nyunyiza makoti manne hadi sita membamba ya nitroselulosi inayong'aa, yasizidi matatu kwa siku. Siku yenye unyevu mwingi hewani usipulize, vanishi inageuka nyeupe kama maziwa. Vaa kinyago chenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Kinyago cha vumbi hakizuii thina. Ngoja wiki tatu hadi nne, mpaka ukinusa kwa karibu husikii thina, ndipo upite na namba 1000, 1500, 2000 na kompaundi. Ukisugua mapema, vanishi itaendelea kusinyaa na vinyweleo vitajitokeza upya.

Juu ya poliurethani, nitroselulosi haiyeyushi kilicho chini. Inashika kwenye mikwaruzo tu, na inaweza kubanduka pembeni. Mimi nisingefanya.

Na ubao wa juu ningeuacha nje ya mpango huo wa makoti. Kusugua hakuongezi uzito, lakini makoti sita juu ya sprusi yanaongeza, na ubao mzito unatikisika pungufu ya inavyopendeza sikio.

Nyuzi6:
Kioo sikihitaji, hali hii inanitosha. Shingo nayo niisugue?

FundiVanishi:
Hapana, iache satini. Shingo inayong'aa inashika jasho na kidole gumba kinakwama ukihama nafasi. Wenye magita ya kung'aa hufanya kinyume kwa sababu hiyo hiyo, wanaifanya shingo iwe satini. Weka utepe kwenye kisigino cha shingo, pale inapoungana na mwili wa gita, ili polishi isivuke. Ikivuka kidogo, pamba ya chuma namba 0000, misuguo mirefu kufuata shingo bila kukandamiza, itarudisha satini. Kama gita lina pikapu (kifaa cha kunasa sauti ya nyuzi) yenye sumaku, itoe au uifunike kabla, maana vipande vya chuma hiyo vinaingia humo na kutoka ni kazi.