Naomba ushauri: sindano za uso hapa Mbeya, aende kwa nani?

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu anaolewa Desemba na kang'ang'ania kuchoma botoksi (sindano ya kulegeza misuli ili mikunjo ipungue) kwenye paji la uso, pamoja na fila (jeli ya kujaza) ya midomo. Kuna saluni huku Mwanjelwa imempa bei ya kutupa. Nikamsindikiza. Mchomaji ni yule yule anayebandika kope. Kichupa kakitoa kwenye pochi, hakina lebo, wakati botoksi nyingi hutunzwa kwenye friji. Nilipomuuliza kama ana dawa ya kuyeyusha fila mambo yakiharibika, akacheka.

Botoksi walau huisha yenyewe baada ya miezi 3 au 4. Fila ndiyo inanitisha: ikiingia kwenye mshipa wa damu ngozi inaweza kufa, hata jicho likapofuka.

Sasa, kuna daktari wa ngozi huku Nyanda za Juu Kusini anayefanya kazi hizi, au tupande basi hadi Dar? Usajili wake nauhakiki vipi Baraza la Madaktari Tanganyika? Na kujua kama dawa imesajiliwa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), naangalia nini kwenye boksi?

Tafadhali msiseme nimkataze, hasikii. Aliyewahi kufanya anitajie na gharama.