Filamu ya jini Pemba: lazima tuanze na msimulizi, ramani na mtoto aliyetabiriwa?

MtuWaWete

Assalamu alaykum wanajukwaa.

Tuko vijana wanne hapa Wete, tunataka kupiga filamu fupi, isizidi dakika ishirini. Kisa chenyewe hichi: kisima cha kijiji kimekauka, Mize anatumwa maji na mama yake, anakwenda kuteka kwenye kisima cha magofu ambacho watu hawakisogelei. Mle mna jini. Jini anakubali kumpa maji, lakini...

Hapo kwenye "lakini" ndipo tulipokwama. Mwenzangu anayeshika kamera kaangalia sana filamu za fantasia za Marekani. Anataka tuanze na sauti nzito ya msimulizi inayohadithia mambo ya miaka elfu iliyopita, ramani ya kisiwa ijichore yenyewe, kisha atokee mzee mwenye ndevu amwambie Mize kwamba yeye ndiye aliyetabiriwa. Jini awe wa buluu, macho yawake, moshi na radi juu. Vifaa vyetu ni kamera moja, taa mbili na kompyuta inayozima kila ikipata joto.

Mie naona watu wa huku wakiangalia hayo watacheka. Nikimwambia, ananijibu: mbona filamu kubwa zote zinafanya hivyo? Na kweli zinafanya. Sasa nauliza wenye kujua: haya ni kanuni za kazi, ukiziacha filamu inaharibika, au ni mazoea yao tu?

Kachori_Darajani

Weka radi. Picha la jini bila radi si picha. Na steringi asife, tafadhalini. Mie steringi akifa nazima TV nakwenda zangu kulala.

FundiPicha_Malindi

Wa alaykum salaam. Kazi yangu ni kuediti video za arusi, lakini nimekulia Malindi, si mbali na ile sinema ya Cine Afrique, na picha za majini na masultani nimezitazama tangu sijui kusoma maandishi ya chini. Kwa hiyo nikujibu kwa urefu kidogo.

Mwenzio hayo mambo kayaona sawasawa. Ila ajiulize kila moja linafanya kazi gani pale lilipo. Peter Jackson, filamu yake ya kwanza ya pete (*The Lord of the Rings*), ya 2001, inaanza na sauti ya Galadriel, malkia mmoja wa kule, kwa sababu ile dunia hakuna mtu aliyewahi kuishi ndani yake. Bila ya kuambiwa pete ilifuliwa na nani, ikapotea vipi na ikaokotwa na nani, saa tatu zinazofuata hazifahamiki. Ramani nayo hivyo hivyo: mtazamaji hajui Mordor, nchi ya adui, iko upande gani. Rudi nyuma mpaka 1939, *The Wizard of Oz*. Nyumbani kwao Dorothy, Kansas, kila kitu rangi ya udongo, halafu anafungua mlango na nje kuna rangi zote za dunia. Mlango ule unamwambia mtazamaji wa Kansas: huku mambo si ya kwenu, jiandae.

Yote hayo ni ushawishi. Wanamchukua mtu asiyeamini na kumpitisha mlangoni pole pole. Wewe watazamaji wako ni watu wa Wete! Nani wa Wete anahitaji kushawishiwa kwamba kisima cha magofu kina mwenyewe? Mwaka 1995 watu wa Pemba na Unguja walilala nje kwa makundi kwa hofu ya popobawa, na hakuna aliyeoneshwa ramani kwanza. Ukiwapa dakika tatu za msimulizi mwenye sauti nzito, unawaeleza jambo wanalolijua kukushinda, na ndiyo maana watacheka.

Wasilolijua ni masharti. Hapo ndipo filamu yako ilipo, kwenye hiyo "lakini" uliyoiachia nukta tatu.

Angalia wanavyofanya walio mahodari. Guillermo del Toro, *Pan's Labyrinth* ya 2006: Ofelia anapewa kazi ya kuingia chumba chenye meza ya karamu, na anaambiwa asile chochote. Kichwani pa meza amekaa kiumbe mweupe, ngozi imemlegea, usoni hana macho. Macho yako kwenye sahani mbele yake. Mtoto ana njaa. Anachuma zabibu moja, anakula. Anachuma ya pili. Nyuma yake yule kiumbe anaokota macho, anayapachika kwenye viganja vya mikono, ananyanyua viganja usoni, anaanza kuona. Kiumbe mwenyewe anatisha, sikatai, lakini kinachokukaba roho ni kwamba wewe sharti ulilisikia, na zabibu unaziona zinaliwa.

Miyazaki, kwenye *Spirited Away* ya 2001, kafanya hivyo hivyo: wazazi wa Chihiro wanakula chakula kisicho chao, wanageuka nguruwe. (Niliwawekea watoto nyumbani. Pale kwenye nguruwe hakuna aliyetafuna tena.) Hata yule jini wa buluu wa *Aladdin* ya Disney, ya 1992, ambaye nahisi ndiye mwenzio anayemfikiria, mzaha wote ule lakini mapema tu anataja asiyoyaweza: haui, hamfanyi mtu apende, hafufui maiti. Jini asiye na mpaka hana kisa. Atamaliza kila tatizo dakika ya tano na watu waende nyumbani.

Sasa sharti la Mize. Mie ningechagua dogo, la nyumbani, ambalo mwili wenyewe unalivunja. Jini amwambie: maji chukua, lakini dumu lisiguse ardhi mpaka ufike mlangoni kwenu. Basi. Dumu la njano la lita ishirini, lile la mafuta ya kupikia. Filamu yote iliyobaki ni njia ya kurudi. Mkono unaanza kutetemeka. Anahamishia mkono wa pili, kamera iko chini kabisa, unaona kitako cha dumu na mchanga, shubiri moja baina yao. Anatokea bibi kizee kabeba mzigo wa kuni, umemwangukia, anamwita, "Mwanangu, nitwike." Afanye nini? Adabu inamtaka aweke dumu chini. Hakuna hata efekti moja hapo, na mtu wa Wete atakuwa anapiga kelele kwenye kiti chake.

Jini mwenyewe usimuoneshe. Hapa mjini tuna Jaws Corner, kila mtu kapita, papa kachorwa ukutani. Filamu yenyewe ya 1975 papa wake wa mashine alikuwa akiharibika kila mara baharini, ikabidi Steven Spielberg afanye kazi na alichonacho: mapipa ya njano yanayokwenda mbio juu ya maji, na ule muziki wa John Williams. Watu wakaogopa kuoga. Kompyuta yako inayozima isikupe huzuni.

BintiKonde

Nakubaliana na kaka Fundi kwenye masharti, ila msimulizi tusimfukuze namna hiyo. Si wa kwao peke yao. Bibi akisema "Paukwa!", sisi "Pakawa!", kisha ile "kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kaka", mbona huo nao ni mlango? Haukuelezi historia yoyote. Maneno yenyewe hayana hata maana ya kuyafuata. Yanakwambia tu mazungumzo ya kawaida yameisha, sasa kaa sawa. Filamu ya dakika ishirini inaweza kuanza hivyo kwa sekunde kumi na hakuna atakayecheka.

Na jambo jengine wenzetu wa hadithi walilijua zamani. Ile ya nunda mla watu, kijana anatoka kuwinda, kila mara anarudi na mnyama mkubwa kuliko wa mwanzo, anamuimbia mama yake kwamba nimemuua nunda, na mama anajibu kwa wimbo ule ule kwamba huyo siye. Watoto tulikuwa tunaujibu sisi, mama wa hadithi hata hajafungua mdomo. Kwa hiyo Mize asikutane na bibi wa kuni tu. Akutane na watu watatu, na kila mmoja ombi lake liwe zito kuliko la mwenzake. La kwanza salamu tu, mzee anataka kupewa mkono. Akishaona hilo, mtazamaji ataanza kuogopa kila mtu anayetokea njiani.

Kuhusu buluu: hapana jamani. Huku watu wanajua mavazi ya kila kabila la masheitani. Ruhani anataka nguo nyeupe, udi, marashi ya mawaridi. Kibuki anataka brandi yake. Ukileta wa buluu mwenye pembe watauliza huyu katokea wapi, hana kwao. Kama jini wenu ni ruhani, basi weka chetezo kinafuka pembeni ya kisima, na hapana mtu aliyekiwasha. Kwa mtu wa huku ushamaliza.

Nyongeza ndogo: kwa wale watakaokuja kusema kuigiza majini ni kuyaita, semeni na familia ya msichana atakayecheza Mize mapema. Msingoje siku ya kupiga.

FundiPicha_Malindi

Paukwa naikubali. Bibi juu ya mkeka na kibatari siikubali, maana kila anayetaka kuonesha "utamaduni wetu" anamtoa bibi yule yule na mkeka ule ule. Wacha skrini iwe nyeusi, isikike sauti peke yake, na watoto waitikie kwa fujo kama kawaida yao, mmoja achelewe. Halafu kata moja kwa moja kwenye ndoo inayogonga chini ya kisima kikavu.

Watu watatu, sawa. Hapo umenipiku.

MtuWaWete

Shukrani sana ami, na dada yangu wa Konde. Nimemsomea mwenzangu yote. Ramani kaiacha kwa shingo upande, ndevu bado anazitaka.

Mambo mawili. Tulikuwa tunafikiria kupiga Pujini, kwenye ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa huku. Wasiofika: ni magofu ya tokea karne ya 15, kusini mashariki ya Chake. Watu husimulia kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiopatana hata kidogo, akajenga ukuta ndani ya kisima ili wasionane. Mmoja akishuka ngazi kuteka, mwengine akiteremsha ndoo kwa kamba upande wake. Je, hadithi hiyo tuitie ndani au itazidisha mambo?

La pili, jini aseme lugha gani? Mwenzangu anataka Kiarabu, ati ndiyo kinatisha.

FundiPicha_Malindi

Hadithi ya wake wawili usiisimulie, itumie! Umeshapata ukuta, unataka nini tena? Mize yuko upande wa ngazi. Upande wa pili wa ukuta kuna kitu kinateka maji. Anaona kamba inashuka, maji yanatikisika, na sauti ya mwanamke inamuuliza, "Wa nani wewe?" Hutahitaji kumuonesha, na hakuna atakayesema umemficha kwa umasikini.

Lugha: wenzetu huwapa wazee wao wa miujiza Kiingereza cha kizamani chenye lafudhi ya Uingereza, kwa sababu kwa Mmarekani hiyo inasikika mbali na nyumbani. Wewe fanya kinyume. Aseme Kipemba cha watu wazima wa Micheweni, kwa upole, amuulizie mama yake kwa jina, aulize mguu wa baba umepoa. Mgeni mwenye radi anatisha dakika moja. Anayekujua mpaka kwenu atakutisha mpaka asubuhi.

Ndevu mpe huyo mzee wa salamu, ugomvi uishe.

BintiKonde

Na akilivunja sharti? Hilo hamjalisema. Kama Mize ataweka dumu chini na hakuna kinachotokea, au mama akasoma dua kila kitu kikawa sawa, mtazamaji atadai dakika zake. Lazima kitu kiondoke. Frodo, yule mbeba pete wa filamu ya Jackson, karudi kwao salama lakini kile kijiji hakikumtosha tena, ikabidi apande jahazi aondoke. Malipo yale ndiyo yanayofanya safari iwe ya kweli.

Mie naona alivunje kwa bibi wa mwisho, kwa wema wake mwenyewe. Maji yafike, kijiji kinywe. Ila kila anayekunywa amsahau Mize ni nani, mmoja mmoja, mama awe wa mwisho kushika kikombe.

Kachori_Darajani

Dada wewe una roho ngumu. Lakini hajafa, kwa hiyo nitaangalia.

FundiPicha_Malindi

Huo mwisho uchukueni kabla hajaupeleka kwengine.

Kijana, kabla ya kwenda Pujini ombeni ruhusa ya maandishi kwa wanaosimamia mambo ya kale, na msiguse wala kupanda ukuta wowote kwa ajili ya picha nzuri. Tukio la ndani ya kisima si lazima mpige pale pale. Nje pigeni Pujini, ndani tafuteni kisima chochote chenye ngazi ambacho mwenyewe kawakubalia. Na sauti ya jini msiirikodi siku hiyo ya kupiga. Kusi likivuma hamtasikia kitu. Mrudisheni mama atakayetoa sauti ya jini kisimani peke yake siku nyengine, jioni upepo ukitulia, simu ifungwe kwenye kitambaa na iteremshwe kwa kamba mpaka karibu na maji, yeye aseme kutoka juu. Mwangwi mtaupata bure, bila ya kuisumbua kompyuta yenu.