Ruzuku ya kurudisha mikoko Mwache, tumekataliwa mara mbili

binti_Tsunza:
Salaam wadau. Sisi ni kikundi cha kina mama na vijana huku hori ya Mwache (mkono wa bahari karibu na Mombasa), wengi tunaishi kwa kamba na kaa. Mikoko yetu ilikufa sana baada ya ile mvua ya El Niño ya 1997/98, mto ulishusha udongo mpaka mizizi ikafukiwa, mi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka bibi akienda kuni bila panga, anavunja matawi kwa mkono tu vile yalivyokuwa yamekauka. Sasa tumeomba ruzuku kwa mfadhili mmoja mara mbili, tukaandika tutapanda miche 50,000 kwa mwaka, jibu ni mistari miwili eti mradi hauna uhakika wa kudumu. Na kweli ile ya mwaka juzi tuliyopanda kwa pesa zetu za mfukoni imebaki kidogo sana. Inaniuma jamani. Proposali inaandikwaje mpaka wakubali?

kibarua_wa_pwani:
Pole dadangu. Kwanza, mna barua yoyote ya KFS, shirika la misitu la Kenya? Mikoko ya Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu 1932, kwa hivyo BMU yenu, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, inawapa nguvu kwa samaki, si kwa mti. Sheria ya misitu ya 2016 inataka muwe kwenye CFA, yaani chama cha jamii cha misitu, halafu CFA iweke mkataba na KFS. Bila hiyo mfadhili anajiuliza kesho mkiondolewa hapo pesa yake itakuwa imeenda wapi.
Pili jaribuni ile Small Grants (ruzuku ndogo) ya GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, inayopitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ipo tangu 1992 na ni ya vikundi kama nyinyi. Wanataka waone na mchango wenu, si lazima pesa taslimu, siku za kazi, mtumbwi, kitalu, vyote piga hesabu kwa shilingi uandike.

mchu_na_mlilana:
Mi naona shida ni hiyo 50,000 yenyewe. Nimefanya kazi ya vitalu miaka mingi na kila mahali ni hadithi moja, watu wanachukua ile aina moja ya mikoko inayoitwa mkoko hasa kwa sababu mbegu yake ndefu ni rahisi kuchomeka, wanapanda kwenye tope tupu lililo wazi upande wa bahari, picha zinapigwa, miezi sita baadaye ukienda unakuta vijiti vimeganda vijikombe vigumu vya viumbe wa baharini shina zima na mawimbi yamevilaza. Pale mbele kabisa kwa asili ni pa mlilana, aina nyingine ya mikoko, si pa mkoko. Na Mwache udongo ule wa El Niño uliinua ardhi, mchu, aina nyingine tena ya mikoko, unapumua kwa vile vimizizi vinavyochomoza juu kama penseli, vikizikwa mti unakosa hewa, sasa ukipanda mche mwingine juu ya udongo uleule umefanya nini?
Nendeni wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yakijaa tieni alama yanafika wapi, yakipwa tazameni yanatuama wapi na chipukizi zimeota zenyewe wapi. Penye chipukizi msipande, zuieni tu mbuzi na wakata miti. Penye maji yaliyotuama chimbeni vijimfereji. Miche iwe ya mwisho. Halafu bajeti iwe na mlinzi na kuhesabu miche iliyo hai kwa miaka mitatu, hapo ndipo neno kudumu linapata jibu. Na msisahau mashamba ya juu mtoni, udongo unatoka huko.

kaka_wa_Gazi:
Nakubaliana na mchu_na_mlilana. Watu watawaambia kimbilieni kaboni, yaani kulipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko inaihifadhi, wakitaja Mikoko Pamoja, mradi wetu wa huku Gazi, Kwale, hekta 117, ulioanza 2013, tunauza hiyo kaboni na pesa imeleta maji na vitabu shuleni. Lakini kabla ya hapo watafiti na wanakijiji walikuwa wanapanda na kupima huku tangu miaka ya 90. Kaboni isiwe kwenye bajeti yenu ya mwaka wa kwanza. Njooni Gazi mtembee, kina mama kwa kina mama mtaelewana haraka.

binti_Tsunza:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Barua ya KFS hatuna, nilidhani BMU inatosha. Jumatatu naenda ofisi ya msitu na mwenyekiti. Bamvua inayokuja tutaingia na vijiti vya rangi tupime maji, na hapo karibu na kivuko nishaziona chipukizi za mchu, nyingi tu, kumbe tulikuwa tunazikanyaga tukibeba miche.