MREJESHO: Zile shilingi za simba alizoniachia babu

Wadau, mwezi uliopita niliuliza kama shilingi zangu mbili za Afrika Mashariki za 1925 zinaweza kufika 60 kwenye kile kipimo cha 1 hadi 70 cha hali ya sarafu, ambapo 60 kwenda juu ni sarafu isiyochakaa. Nimezipeleka kwa sonara, Mji wa Kale. Mizani ilisoma gramu 7.8 kwa kila moja, sawasawa na uzito wake rasmi.

Ile inayong'aa, niliyoisugua kwa ndimu na majivu, tulipoiinamisha chini ya taa ilijaa mikwaruzo laini kama nywele. Hiyo haipewi namba, itaandikwa tu kuwa imesafishwa. Nimeumia sana, jamani.

Ile nyeusi niliyoidharau ndiyo nzima: manyoya ya simba aliyechongwa upande mmoja yanahesabika, ndevu za Mfalme George wa Tano upande wa pili ndizo zimelika kidogo. Mimi naiweka 50 hivi. Mlionifuata inbox kuulizia bei, siuzi.